Laini ya Kula

Jumatatu, 9 Novemba 1987

Leo nimepewa redio! Si ile ya kusikiza salamu na nyimbo. Ni ya kuongea, wokitoki, nyeusi, nzito kama tofali, iko na mkia wa raba hapo juu. Mzee Wanyoike, mwenye shamba, amenunua tatu kwa mzungu wa Moi's Bridge ambaye ameuza kila kitu anarudi kwao. Laiseni iko, ameiweka kwa mfuko wa koti, anatoa anaonyesha hata watu hawajamuuliza.

Shida ilikuwa kilima. Mahindi iko upande wa chini, stoo na jikoni ziko upande wa barabara ya Chepsaita, na kilima kimekaa katikati kama mtu amekuja kanisani na kofia kubwa. Ukiongea huku, kule hawasikii kitu. Mzee alikasirika akataka kuzirudisha. Mimi sijui nilitoa wapi ujasiri, nikasema, "Mzee, weka mtu huko juu na ile ya tatu. Akisikia ya huku anarudia kule, ya kule anarudia huku."

Akaniangalia kama ng'ombe imeongea. "Na huyo mtu ni nani?"

Nikainua mkono kama niko darasani.

Shule nilitoka form two, hiyo kila mtu anajua. Lakini nilishafungua tochi, nilishafungua pasi, na nilishafungua redio kaseti ya ndugu yangu, nikachapwa, ingawa ilirudi ikiimba vizuri kuliko mbele. Jioni nimesoma kitabu ya hii kitu yote. Ukimaliza kuongea unasema over. Ukiita mtu ajibu unasema come in. Ukisikia poa unasema roger. Nimefanya mazoezi nyumbani mpaka mama akaniuliza huyo Roger ni kijana wa nani.

Jumanne, 10 Novemba

Kutoka hapa juu naona mpaka upande wa Sugoi. Mimi si wa kuvunja mahindi tena. Mimi ni rubani.

Alhamisi, 12 Novemba

Kazi ni tamu lakini Gathogo anaiharibu. Gathogo ndiye nyapara, yeye ako na redio ya pale mashine inapukuchua mahindi. Mtu mrefu, kofia ya kijani, hacheki. Ukichelewa kumjibu anakuita mpaka kilima kinatetemeka. "Serfa! Serfa! Umerara? Over!"

Jina langu ni Selpha. Nimemwambia mara nyingi. Anasema, "Si ndio hiyo nimesema, Serfa."

Kwake L zote ni R. Lori ni rori, leo ni reo, laini ni raini. Phineas, ule wa kulisha mashine, anamwiga nyuma yake mpaka watu wanaanguka kwa magunzi. Mimi pia nacheka, ingawa sisi Waluhya pia tuko na zetu. Jana nilitaka kusema gari, nikasema "kari inakuja" kwa redio, na Mama Wahu wa jikoni akauliza, "Kari ni nani? Tumwekee chakula?"

Jumamosi, 14 Novemba

Mvua kidogo mchana. Mzee anasema hii si mvua ya mwezi huu. Mahindi imekatwa imesimamishwa mafungu mafungu, ikilowa itaoza.

Jumatano, 18 Novemba

Niandike hii ya jikoni kwa sababu inachekesha.

Tuko na sufuria mbili. Mama Wahu anapika githeri ya mahindi na maharagwe. Mama Nabwire, dada yake Phineas, anapika ugali na omena, zile samaki ndogo. Mtu anakula ile anataka, lakini lazima useme asubuhi, ndiyo wasipike mingi ikamwagwa. Kwa hivyo saa nne Gathogo anasimamisha watu laini mbili huko shambani, laini ya Wahu na laini ya Nabwire, anahesabu, halafu ananiita. Mimi narudia jikoni.

Sasa leo kwa redio: "Serfa, raini ya Wahu ni ndefu kabisa. Raini ya Nabwire ni fupi. Kura ni saa saba. Over."

Kura! Alitaka kusema kula. Nilicheka mpaka nikakosa kubonyeza. Na vile huu mwaka kila mahali ni maneno ya mlolongo, ati hakuna kura ya karatasi tena, utasimama nyuma ya mtu wako watu wakiona. Hata kwa baraza ya chifu walionyeshwa vile watapanga laini.

Nikarudia jikoni vile vile alivyosema: "Kura ni saa saba!" Nikasikia Mama Nabwire akipiga makelele, "Kwani mimi nimeanguka?"

Ijumaa, 20 Novemba

Sasa shamba yote wanaita lunch kura. "Umepiga kura?" "Bado, laini ni refu." Gathogo haelewi wanacheka nini. Anafikiria wamefurahia omena.

Jumanne, 24 Novemba

Phineas amenyakua redio Gathogo akiwa ameenda kuangalia trekta. Akatoa sauti ya mtu wa taarifa ya habari: "Matokeo ni haya. Wahu amepita bila kupingwa. Nabwire amepoteza hata deposit. Tukimaliza wiki hii tunamtoa, tunaweka mwingine. Na huyo Mzee mwenyewe, akuje asimame hapa na sufuria yake tuone kama ako na mtu nyuma yake!"

Alimaanisha Mzee Wanyoike, kwa sababu yeye huleta mkate na soda yake, anakula peke yake ndani ya gari. Nikarudia yote neno kwa neno kwa jikoni. Mama Wahu anasema alicheka akaunguza vitunguu.

Gathogo amerudi amempokonya. "Phineas, hii si ya mchezo. Hii ni ya kazi." Mtu bila furaha kabisa huyu.

Jumatano, 25 Novemba

Mawingu tangu asubuhi, upande wa Nandi. Haikunyesha.

Ijumaa, 27 Novemba

Wamemchukua Gathogo.

Wacha niandike vile ilikuwa. Nilikuwa juu, naona kila kitu na siwezi fanya kitu. Land Rover ilikata pale barabarani ikaingia mpaka shambani, juu ya mahindi, hawakujali. Wanaume wanne, wawili na yunifomu, wawili na makoti. Hiyo ilikuwa saa ile ya kuhesabu watu. Laini mbili zimesimama vizuri kabisa! Wahu upande huu, Nabwire upande ule, na Gathogo katikati na redio mdomoni.

Nikamsikia akisema, "Serfa, raini ya Wahu reo..." halafu sauti ya mtu mwingine, karibu sana, "Lete hiyo."

Niliita. "Gathogo, come in. Gathogo, come in, over." Sijui kwa nini niliendelea. Naona kofia yake ya kijani ikiinama kuingia gari, na mimi bado nasema come in.

Nimeshuka mbio. Phineas amekaa chini ameshika kichwa. Anasema walikuwa wanauliza nani anaandikisha watu hapa. Nani Wahu, nani Nabwire, wanasimama kiti gani. Na Mzee gani hana mtu nyuma yake, ni yule wa Ikulu? Kumbe kuna watu walikuwa wanatusikiza na redio yao, siku nyingi sana, na walikuwa wameandika kila kitu. Kila siku saa nne, watu wanapanga laini. Kila siku, kura ni saa saba.

"Si tuwaambie ni chakula," nikasema.

Phineas akaniangalia. "Niliwaambia. Walinipiga kofi. Walisema chakula haipotezi deposit."

Na Gathogo aliulizwa, hizi sauti zingine kwa redio ni za nani? Phineas alisikia na masikio yake. Gathogo alisema, "Redio ni yangu. Sauti ni yangu." Basi.

Sikula. Hakuna mtu alikula. Githeri imekaa, ugali imekaa.

Jumamosi, 28 Novemba

Nimeenda polisi na Mzee Wanyoike. Wametuambia hakuna mtu wa jina hiyo hapo. Mzee ametoa laiseni yake. Wameiangalia juu chini wakamrudishia.

Tulirudi na gari, Mzee anaendesha, mpaka geti. Halafu akasema, "Selpha, unajua huyo mtu hajawahi kosa kazi hata siku moja? Hata siku alizika bibi yake alikuja jioni akaangalia ng'ombe." Sikujua alikuwa ameoa bibi. Sikujua amekufa.

Jumapili, 29 Novemba

Kanisani nimeshindwa kuimba.

Jumatatu, 30 Novemba

Mvua. Mashine imefunikwa na turubai. Mama Wahu na Mama Nabwire, ambao hata chumvi hawaombani, wamekaa benchi moja wakichambua maharagwe.

Jumatano, 2 Desemba

Yuko nje! Niandike pole pole.

Mzee alipata mtu anajua mtu. Tukaambiwa tukuje, na tukuje na huyo msichana wa redio. Nimevaa nguo ya kanisa. Tukaingizwa ofisi moja, mkubwa amekaa, si mtu wa huku, Kiswahili chake ni kile kisafi cha redio. Gathogo amesimama kando ya ukuta. Hana kofia. Kumbe ana mvi. Shati ni ile ile ya Ijumaa.

"Wewe ndiye unayerudia maneno?"

"Ndiyo, afande."

"Kura ni saa saba. Ni kura gani hiyo?"

"Ni kula, afande. Kula chakula. Yeye ulimi wake hauna L."

Akatabasamu kidogo. "Na Mzee asiye na mtu nyuma yake? Mzee gani huyo?"

Hapo nilisikia Mzee Wanyoike akikosa pumzi. Nikasema haraka, "Ni huyu hapa, afande! Hapendi githeri wala omena, anakula mkate kwa gari!"

Mzee akasema, "Ni kweli. Tumbo langu ni baya."

Mkubwa akamgeukia Gathogo. "Sema, nimekula."

"Nimekura."

"Kula."

"Kura."

"Sema, lori limelala."

"Rori rimerara."

Akaita kwa mlango, "Njooni msikie huyu!" Wakaingia watatu, halafu wengine. Sema lakini. Rakini. Sema Eldoret. Erdoret. Sema kilima. Kirima. Walicheka wakashikana mabega. Mmoja alikuwa anajipanguza machozi. Na Gathogo alijibu kila moja, pole pole, akijaribu kabisa, unaona ulimi unatafuta hiyo herufi kama mtu anatafuta ufunguo gizani. Alikuwa anafikiria akiweza kusema moja vizuri watamwacha. Kumbe ni kukosa ndiyo kulikuwa kunamwokoa.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka akose. Nilikuwa naomba, usiweze, usiweze.

Mwisho mkubwa akasema, "Toka hapa, mzee wa kura." Redio imerudishwa, na kofia. Lakini kuna sharti: Gathogo hawezi kutoka lokesheni bila barua ya chifu mpaka uchaguzi uishe. Akionekana barabara ya Eldoret, shauri yake.

Kwa gari nilijaribu kuongea. Nikamwambia Gathogo, pole Mzee. Si kawaida yangu kumwita Mzee. Alikuwa anaangalia nje. Baadaye sana, tukiwa tumekaribia, akasema, kama anaongea na dirisha, "Kwetu, kwa Kikuyu, kura ni kuria. Hiyo L mama yangu hakunipa."

Alhamisi, 3 Desemba

Amerudi kazi. Haongei kwa redio.

Ijumaa, 4 Desemba

Bado. Ameniita asubuhi kando, akanionyesha na kidole kile kitufe. Anabonyeza mara moja, hiyo ni lori. Mara mbili, ni chakula. Mara tatu, mashine imesimama. Mimi nasikia tu kwa redio yangu, kwa, kwa-kwa, kwa-kwa-kwa. Hesabu ya sufuria anaandika kwa karatasi anatuma mtu atembee nayo kuzunguka kilima. Tuko na redio tatu na mtu anatembea!

Hakuna mtu amesema kura tena. Wanasema chakula. Wanasema polepole.

Jumatatu, 7 Desemba

Phineas amejaribu kuomba msamaha. Ameenda na kofia mkononi, ameinama. Gathogo amemshika bega akamwonyesha mashine. Nenda kazi. Kidole tu.

Phineas ameniambia, "Angenipiga ningelala."

Jumatano, 9 Desemba

Kwa.

Kwa-kwa.

Hiyo ndiyo siku yangu yote. Mbele nilikuwa namchukia vile ananipigia kelele. Leo ningetoa chochote nisikie "Serfa, umerara?"

Jumamosi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Tumefanya kazi nusu siku kwa sababu mawingu.

Jumanne, 15 Desemba

Redio ya nyumbani inasema mvua itaendelea. Mzee amesema tumalize fungu zote za chini wiki hii, kama si hivyo tumelisha panya. Watu wanakimbia. Mashine inalia kutoka asubuhi mpaka giza.

Alhamisi, 17 Desemba

Nimeoga mara mbili, sasa nimekaa niandike.

Ilikuwa baada ya chakula. Wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya Turbo na wote wanakazana. Niko juu. Nikasikia kwa-kwa-kwa, nikafikiria mashine imesimama, lakini haikukoma. Kwa-kwa-kwa-kwa-kwa, bila hesabu, kama mtu anagonga mlango. Nikasema, "Gathogo, narudia? Over." Ikaendelea. Halafu ikakatika.

Halafu sauti.

"Serfa! Rete rori! Phineas ameshikwa na mashine! Mkono! Rete rori, Serfa, rori, rori!"

Nikarudia. Sikumbuki nikibonyeza, lakini nikasikia Mama Nabwire akilia upande wa pili, na Murunga, dereva, tayari anawasha. Sikusikia mtu hata mmoja akicheka. Nani angecheka?

Koti la Phineas lilikuwa limekamatwa na mkanda ukamvuta. Gathogo ndiye alikata mkanda na panga, mashine bado ikizunguka. Ndiye alifunga mkono na mshipi wake. Hiyo nimeambiwa baadaye. Mimi kutoka juu niliona tu watu wamekusanyika kama mchwa, halafu lori, halafu wanainua kitu.

Murunga alikuwa amechukua redio ya jikoni. Phineas akawekwa mbele, katikati, Mama Nabwire amemshika. Nikaona kofia ya kijani ikipanda ngazi ya lori, nikaona ikisimama hapo. Halafu ikashuka. Nikakumbuka. Hawezi toka lokesheni. Kule mbele, barabara ya Eldoret ya kwenda hospitali, kuna kizuizi cha polisi, wakimwona ndani watasimamisha lori, na Phineas atamaliza damu hapo barabarani wakiuliza barua ya chifu.

Lori ikaondoka.

"Serfa," akasema. Sauti imekuwa chini. "Mwambie asirare. Mama Nabwire asimwache arare."

Nikarudia. Mama Nabwire akajibu, "Anafunga macho! Nimempiga lakini anafunga macho!" Lori ilikuwa imeshazunguka kilima, Gathogo hawezi kumsikia. Nikamrudishia.

Gathogo akabonyeza. Halafu: "Phineas. Ni mimi. Nataka nikwambie vire nirikura firigisi ya watu."

Nikafikiria amechanganyikiwa. Lakini kazi yangu ni kurudia. Nikarudia.

Alisema alikuja huku kijana, hana mtu, akapata kazi kwa mzungu upande wa Sugoi. Jirani yake alikuwa mzee mmoja Mluhya, Mzee Wamalwa, akamwona anakula mahindi ya kuchoma kila siku kama kima. Jumapili akamwita kwake. Kuku ikapikwa. Kuku ya ukweli, ikawekwa mezani nzima.

"Mimi ni Mkikuyu," akasema, "kwetu ni mbuzi. Kuku sijui mambo yake. Nikaona kitu ngumu kidogo, ya mviringo, imekaa peke yake juu. Nikafikiria hii ndio mbaya, wacha niichukue mimi mgeni, wenyewe wakure nyama nzuri."

Nikasikia Mama Nabwire akisema, "Uuuwi, hapana!" kwa sababu kila Mluhya anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtu anaweza fukuza bibi kwa sababu ya firigisi. Na nyuma yake, kidogo sana, kama mtu ako chini ya blanketi, Phineas: "Aliikula?"

Nikabonyeza nikapiga kelele, "Anauliza, uliikula?"

"Nirikura yote!"

"Alikula yote!" Na nikasikia Phineas akitoa sauti. Haikuwa kicheko kamili. Ilikuwa pumzi. Mama Nabwire akasema, "Amefungua macho! Endelea, endelea!"

Mvua ikaanza kunipiga. Nimeficha redio ndani ya sweta nikaongea na shingo yangu. Anasema, narudia. Watoto wa Mzee Wamalwa wameacha kutafuna, narudia. Bibi yake ameshika mdomo, narudia. Nilikuwa nakimbia kwa ukingo wa kilima nikifuata lori na macho, kila mara inakuwa ndogo, na sauti ya Mama Nabwire inaingia mikwaruzo kama mchanga. Niligundua sasa mimi pia nasema rori. Nasema Mzee arinyamaza. Maneno yalikuwa yanapita kwangu haraka sana sikuwa na nafasi ya kuyaosha.

Lori ikafika darajani. Ikapita. Nikasema, "Mama Nabwire, mnasikia? Over."

Mchanga tu.

"Mama Nabwire, come in."

Kitu hakuna. Daraja ndiyo mwisho wa redio yetu.

"Serfa," Gathogo akasema, "bado anasikia?"

Kutoka hapo nilipo namwona, mtu mdogo amesimama katikati ya shamba kwa mvua, peke yake, wengine wamekimbilia chini ya turubai. Redio iko mdomoni. Kofia hana tena, sijui ilienda wapi. Siku kumi na kitu alikuwa hajasema neno kwa hii redio, mpaka leo.

Nikabonyeza.

"Anakusikia, Mzee. Endelea. Over."

Akaendelea. Alisema vile Mzee Wamalwa aliinuka pole pole, akaenda mpaka kwa mlango, akasimama akiangalia nje muda mrefu, na kila mtu ndani ya nyumba alijua leo mgeni atapigwa. Halafu akarudi na kiti chake, ile ya baba wa nyumba, ile ya kuegemea, akaiweka nyuma ya Gathogo. Akasema, basi, wewe umekula ya mwenye nyumba, keti kwa kiti ya mwenye nyumba, na deni ya fundi wa paa ulipe wewe. Nyumba yote ikaanguka na kicheko. Akamwita Mwenye Nyumba mpaka siku alikufa.

Alisema mengine mengi. Alisema majina ya ng'ombe za yule mzungu. Alisema bibi yake aliitwa Wamucii na aliogopa radi. Sikurudia kwa mtu, hakukuwa na mtu. Kila akinyamaza nilisema roger, endelea.

Aliongea mpaka taa nyekundu ya betri yangu ikawaka.

Ijumaa, 18 Desemba

Murunga hajarudi. Hakuna mtu amewasha mashine.

Jumamosi, 19 Desemba

Yuko hai! Murunga ameingia na lori akipiga honi kutoka barabarani. Mkono wa kulia wamekata chini ya kiwiko, damu aliwekewa, jana jioni ameomba uji. Daktari alisema kama angelala njiani ingekuwa hadithi nyingine. Mama Wahu amepiga magoti hapo hapo kwa jivu.

Watu wote wamemzunguka Murunga, Gathogo ako nyuma. Halafu Murunga akasema, akicheka, "Na Gathogo, mgonjwa ameniambia nikuulize. Anasema mlifika pale kwa kuku, yule mzee amenyamaza, redio ikakufa. Anataka kujua, huyo mzee alifanya nini?"

Nilisikia uso wangu ukiwa moto. Gathogo hakuniangalia. Akasema tu, "Mwambie nitamwereza mwenyewe," akaenda kuangalia mkanda mpya.

Nilimfuata baadaye. Alikuwa amepiga goti kando ya mashine, anapaka grisi. Nikasimama hapo kama mtu ameitwa na mwalimu.

"Mzee, ile siku nilikuambia anasikia. Hakuwa anasikia."

Akaendelea kupaka.

"Rori ikipita daraja haisikii," akasema. "Hiyo nirijua tangu siku ya kwanza. Niripima mimi mwenyewe."

"Ulijua?"

"Nirijua."

"Sasa ulikuwa unaongea na nani, Mzee, na mvua yote hiyo?"

Akainua kichwa. Ni mara ya kwanza nimeona meno yake, na moja haiko.

"Si wewe urikuwa unasikia?"